Watamu na Malindi: Uliza Maji Kwanza

Wageni wengi wanaokwenda Watamu na Malindi, pwani ya kaskazini ya Kenya, hufika na orodha mkononi: bustani ya matumbawe, mikoko ya Mida, magofu ya Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke, nguzo ya Vasco da Gama, korongo la Marafa. Orodha yenyewe haina kosa, na kila kilichomo kinastahili nauli. Upungufu wake ni kwamba inataja mahali na kunyamazia wakati, ilhali katika pwani hii mahali ni nusu tu ya habari. Ufuo unaotosha uwanja wa mpira saa nne asubuhi huenda ukawa umefunikwa wote ifikapo saa kumi jioni. Bahari inayoonekana hadi mchangani mwezi wa Februari huwa imevurugika mwezi wa Juni. Hoja yangu ni kwamba swali la kwanza la mgeni liwe "maji yakoje leo?", na kwamba anayeanza na swali hilo huona mengi zaidi kwa gharama ile ile, tena huiachia pwani madhara machache.

Bahari hapa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa sababu inaufuata mwezi, na mwezi huchelewa kwa kadiri ya dakika hizo 50 kila siku. Ndiyo maana safari iliyofana jana saa nne haiwezi kurudiwa leo saa nne ikawa ile ile. Yabidi ingoje karibu saa tano. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wake na wa jua hushirikiana, na hapo huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikizidi mita 3, na katika bamvua kubwa, hasa za Machi na Septemba, ikikaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hupingana, yakawa maji mafu, ambayo tofauti yake ni mita moja hivi. Lenye faida kwa mgeni ni hili: siku za bamvua katika pwani hii maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye saa hizo hupinduka. Saa nne yamejaa, saa kumi yamekupwa. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana jedwali tayari, kwa kuwa tarehe zake ni umri wa mwezi. Tarehe mosi na 15 ni za bamvua, 8 na 22 ni za maji mafu, na kwa kila siku inayopita unaongeza dakika 50. Anayetaka dakika kamili atazikuta katika majedwali ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya.

Liko na jambo la pili, ambalo huwashika wageni ghafla: maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Kwa kanuni ya mabaharia, katika saa 6 za kujaa, saa ya kwanza huleta sehemu 1 kati ya 12 za maji yote, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, kisha mwendo hupungua tena. Bamvua ya mita 3.6, basi, huinua maji sentimeta 30 katika saa ya kwanza, na sentimeta 180, kimo cha mtu mzima, katika saa mbili za katikati. Mtu aliyesimama juu ya mafungu ya mchanga ya Mayungu, kati ya Malindi na Watamu, akiona nusu saa imepita na maji hayajafika kifundoni, hudhani muda bado upo. Haupo.

Matumbawe ndiyo yaliyoleta hifadhi zenyewe. Malindi na Watamu zilitangazwa hifadhi za taifa za bahari mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza barani Afrika, na mwaka 1979 UNESCO ikaziingiza katika mtandao wake wa hifadhi za biosfia. Bustani wanazopelekwa wageni ziko upande wa ndani wa mwamba, penye kina kifupi, na mwamba ndio unaovunja mawimbi ya bahari kuu. Maji yakijaa sana, mawimbi huvuka juu ya mwamba, mchanga hutibuka, na samaki huwa mbali na macho. Yakipwa sana, kama saa nne ya siku ya bamvua, zipo sehemu ambazo matumbawe hubaki chini kidogo tu ya uso wa maji. Hapo mgeni asiyezoea kuogelea huanza kutafuta pa kusimama, na pa kusimama ni juu ya tumbawe lililo hai. Yako matumbawe ya mviringo yanayokua sentimeta moja hivi kwa mwaka, hivyo unyayo mmoja unatosha kuvunja kazi ya miaka mingi. Nayo matumbawe ya Kenya hayana akiba ya kupoteza: joto la El Niño ya 1998 liliyapausha na kuua sehemu kubwa yake, na joto la namna hiyo limerudi tena tangu hapo. Wakati unaofaa ni saa moja au mbili baada ya maji kuanza kujaa. Yanayoingia yanatoka bahari kuu na ni safi, mwamba bado unazuia mawimbi, na kina kimeshatosha miguu kuning'inia bila kugusa kitu. Yanayotoka, kwa upande wa Watamu, yamekwisha kupita Mida yakabeba tope na majani ya mikoko.

Mida nayo ina hesabu yake. Hori hili la kilomita za mraba 32 hivi huingia bara kwa mlango mwembamba, na maji yote hupita hapo kwa kasi, kwa hiyo kuogelea mlangoni wakati yanatoka ni hatari hata kwa fundi wa kuogelea. Anayetaka kupita kwa mtumbwi kati ya mikoko, michu na mikandaa aende yamejaa, na siku za bamvua ana bahati, maana hujaa saa kumi jioni na kuanza kutoka jua likielekea kuzama. Anayetaka ndege aende yamekupwa na yanaanza kurudi. Ndege wa tope, wengi wao wageni kutoka Ulaya na Asia wanaokaa huku kuanzia Septemba hivi hadi Aprili, hutawanyika mbali tope likiwa wazi, kisha maji yanayopanda huwasogeza kidogo kidogo kuelekea kibanda cha kutazamia kilichopo kwenye daraja la mbao. Mtu akitulia pale kwa saa moja huwaona wakirudi nyuma kwa zamu: wenye miguu mifupi kwanza, na wenye miguu mirefu wakiendelea kudonoa hadi maji yawafike magotini. Ada ya daraja hilo huchangia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka vijiji vinavyozunguka hori na msitu, chini ya mpango wa shirika la A Rocha Kenya, jambo ambalo kwangu ni sababu tosha ya kutoliruka.

Juu ya saa za maji kuna miezi ya pepo. Kaskazi hutawala kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ikiwa tulivu. Kusi huingia Aprili pamoja na masika na kukaza kati ya Juni na Agosti, ikitibua maji na kurundika mwani ufuoni. Pepo hizi ndizo zilizoijenga miji hii, na ushahidi wake mkali ni safari ya Vasco da Gama. Aliondoka Malindi mwishoni mwa Aprili 1498, akiwa na rubani aliyempata hapo hapo, kusi ikianza, akavuka hadi India kwa siku zisizofika 30. Katika kurudi hakungoja kaskazi ikomae. Kuvuka kule kule kulimchukua miezi 3 hivi, mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye, na Malindi akaiona tena Januari 1499. Anayeitembelea nguzo yake leo atauelewa mji zaidi akiuliza upepo unatoka upande gani kuliko akikariri majina ya manahodha.

Kisha kuna mto. Sabaki, ambao kwa juu huitwa Athi na huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, humwaga maji yake kaskazini kidogo ya Malindi, yakiwa mekundu kwa udongo uliobebwa kutoka mashambani. Kusi ikivuma, wekundu huo husukumwa kaskazini, pande za Mambrui na kuendelea. Kaskazi ikivuma, husukumwa kusini, mbele ya mji na kuelekea bustani ya matumbawe. Kwa hiyo msimu unaosifiwa na kila mwuza safari ndio ambao Malindi, vuli ikiwa imenyesha sana bara, yaweza kuwa na bahari ya rangi ya udongo wakati wa Krismasi, huku Watamu, kilomita 20 na kitu kusini yake, maji yakiwa maangavu. Anayelijua hilo atakaa Malindi kwa ajili ya mji wa kale, soko la samaki na historia, na siku ya matumbawe atateremka Watamu. Asiyelijua hulipia mashua, akaona giza, akarudi kwao kueneza habari kwamba Malindi imekwisha. Hiyo ni dhuluma kwa mji.

Kuna pingamizi ambalo ni la haki. Wazazi na wafanyakazi wengi hawachagui mwezi. Likizo za shule huja Aprili, Agosti na Desemba, na tiketi hununuliwa ikipatikana. Nakubali. Lakini zenye miezi ni pepo. Maji yana saa, na saa zimo katika safari yoyote, hata ya siku 3. Familia inayofika Agosti katika bamvua haiwezi kuituliza kusi, ila inaweza kuutembea ufuo mpana saa nne na kuwa ndani ya mikoko saa kumi. Inayofika wiki ya maji mafu itageuza ratiba: kuogelea asubuhi, matembezi ya ufuoni jioni. Tena Agosti ina chake ambacho Februari haina, kwani kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu, waliotoka bahari ya kusini kuja kuzalia maji ya joto, hupita nje ya mwamba.

Aprili ndio mwezi mgumu, na sioni sababu ya kuupamba. Mvua ni kubwa, barabara za Arabuko-Sokoke huwa utelezi, na bahari haina mvuto. Hata hapo kuna Gede, mji wa mawe uliomezwa na miti, ambao mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948 na ambao UNESCO iliuandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Kaburi lake moja lina tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Wareno waliishi Malindi, karibu kabisa na hapo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 16, na hawakuacha habari yoyote ya mji huu. Watu waliuhama mwanzoni mwa karne ya 17, na mojawapo ya sababu zinazotolewa na wanaakiolojia ni kushuka kwa maji ya visima. Visima hivyo vipo bado, kandokando ya misikiti na ndani ya nyua, na mgeni anayeuliza habari za maji atakuwa na la kuuliza hata kwenye magofu.

Wengine husema hesabu hizi ni kazi ya manahodha, mgeni ameshalipa, basi waachiwe wao. Kwamba wanazijua hakuna ubishi. Wengi wamezaliwa katika uvuvi na hawahitaji jedwali. Shida iko kwa mwenye kauli ya mwisho. Safari huuzwa mapokezi ya hoteli jana yake, kwa saa inayokwenda na kifungua kinywa, na nahodha anayesema "saa nne matumbawe yatakuwa juu mno, twende saa sita" hujua kwamba ufuoni pana mwenzake atakayesema "twende". Mgeni anayeuliza mwenyewe humpa nahodha nafasi ya kusema kweli bila kupoteza kazi. Kwa maneno mengine, kutojua kwa mteja ndiko kunakomlazimisha fundi kufanya kazi mbaya, na matumbawe ndiyo yanayolipa tofauti.

Aliyekuja kupumzika tu, bila mashua wala mtumbwi, naye hajasamehewa. Ufuo anaolala unaongezeka mara mbili na kupungua mara mbili kwa siku, na mtoto anayeogelea salama maji yanapojaa, maji hayo yakipwa atakuwa juu ya mwamba wenye ncha. Hoteli zinaweza kumsaidia kwa gharama ndogo mno: ubao mapokezi, unaoandikwa upya kila asubuhi, wenye saa ya kujaa, saa ya kupwa, upepo wa leo, na upande ambao maji ya Sabaki yanaelekea. Kazi ya kuuandika apewe mvuvi mstaafu wa hapo hapo, kwa ujira, na jina lake liwe juu ya ubao ili mgeni ajue wa kumwuliza zaidi.