Darasa lipande mtumbwi

Asubuhi ya kliniki ya mkoba huanza na barafu. Muuguzi huzitoa pakiti za barafu kwenye jokofu na kuziacha mezani mpaka zitoe jasho. Huchukua moja, akaitikisa karibu na sikio. Akisikia maji yakicheza ndani, ndipo huzipanga kwenye deli pamoja na chanjo. Akiharakisha, chanjo ya pentavalenti inaweza kuganda na kuharibika, na mtoto atachomwa sindano isiyomkinga. Sikio hilo lilifundishwa.

Kisha safari. Mwaya iko ufukweni, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, katika tambarare ya mpunga na kokoa ya Kyela, mkoani Mbeya. Masika yakikolea, mito hufurika na njia kujaa matope. Ukivuka Matema, milima ya Livingstone hushuka hadi majini, na kijiji kama Ikombe watu hukifikia kwa mtumbwi au boti. Muuguzi wa mwambao huu ni msafiri kwa kazi yake. Je, msafiri huyu anajifunza lini?

Swali hilo ni zito kwa sababu tiba haisubiri. Aliyehitimu Tanzania mwaka 2000 alifundishwa kutibu malaria kwa klorokwini. Mwaka 2001 ikaja SP, na kuanzia mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto, ALu. Mwaka 2013 ziliingia chanjo za rota na nimonia. Chanjo ya HPV kwa wasichana ilianza 2018 kwa dozi mbili. Mwaka 2024 ikawa dozi moja. Mjini, muuguzi aliyesahau humuuliza mwenzake wa meza ya pili. Kliniki ya chini ya mwembe haina meza ya pili. Asilolijua yeye, kijiji kizima kimelikosa.

Njia za kujiendeleza zipo. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 ndiyo inayosimamia taaluma hii, na Baraza la Uuguzi na Ukunga linamtaka mwenye leseni aendelee kujifunza. Mwenye astashahada anaweza kuomba ruhusa ya masomo akasome stashahada, kisha shahada. Chuo Kikuu cha Aga Khan kimewapangia wauguzi walio kazini masomo yasiyowalazimu kuacha ajira, lakini kutoka Kyela hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Jirani yetu Kenya, kupitia shirika la Amref, ilianza mwaka 2005 kuwapandisha wauguzi ngazi kwa masomo ya kompyuta wakiwa vituoni mwao. Na ipo semina ya siku moja au mbili mjini, ambayo sote tunaijua: muuguzi anaondoka, kliniki inaahirishwa, anarudi na cheti.

Kuhusu semina hiyo, hospitali ya Haydom mkoani Manyara imetupa funzo ambalo kila mganga mkuu wa wilaya angelibandika ukutani. Mwaka 2010 wahudumu wake walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Kwenye mdoli wa mazoezi walifanya vizuri zaidi kuliko awali. Katika chumba cha kujifungulia, utendaji haukubadilika. Mwaka 2011 wakabadili utaratibu: mdoli ukawekwa palepale wodini, kila mmoja akafanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Baadaye mazoezi ya aina hiyo yalipelekwa katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vimepungua huko pia. Mbeya haikuwa miongoni mwa mikoa hiyo.

Dakika tano kwa wiki! Huo ni muda wa kusubiri mtumbwi upakiwe.

Ndiyo maana nasema darasa ndilo limfuate muuguzi. Kila zahanati ya mwambao ipewe mdoli wake na mfuko wa kupulizia hewa. Mazoezi ya wiki yaandikwe na kuhesabiwa kwenye leseni kama inavyohesabiwa semina. Masomo ya simu yawe yale yanayopakuliwa mara moja na kusomeka bila mtandao, na bando lilipwe na mwajiri, kwa kuwa ni kitendea kazi sawa na sindano. Ruhusa ya masomo marefu nayo itolewe kwa zamu, anayeondoka akiwa na wa kumshikia kazi.

Usiku mmoja, mahali ambapo boti haitafika mpaka kuche, mtoto atazaliwa kimya. Muuguzi atakuwa na dakika moja tu. Mikono yake itafanya kile ilichofanya wiki iliyopita. Mtoto akilia, bibi yake atasema “ndaga fijo, sista,” yaani asante sana, na asubuhi deli litapangwa upya. Pembeni yake uwepo mdoli.