Wikiendi Barossa, kwenye mizabibu mikongwe

Ukipata wikiendi moja tu Australia Kusini, kodi gari Adelaide uelekee kaskazini-mashariki. Baada ya saa moja hivi utakuwa Bonde la Barossa. Kabla hujaonja mvinyo wowote, omba uoneshwe mizabibu yenyewe. Pembeni mwa mji wa Tanunda, shamba la Langmeil lina mizabibu ya Shiraz inayoaminika kupandwa mwaka 1843. Mashina yake ni mafupi na manene, yamejikunja, magome yanabanduka, na bado yanazaa. Mizabibu ya umri huo ni nadra hata Ufaransa, ilikotoka aina hiyo.

Chanzo ni mdudu. Filoksera ni jamaa wa vidukari, mdogo kiasi cha kuonekana kwa shida, na hufyonza mizizi ya mzabibu mpaka ivimbe, ioze, mti ufe. Kwao ni Amerika Kaskazini, ambako mizabibu ya asili humstahimili. Alipoingia Ufaransa katika miaka ya 1860 aliteketeza mashamba kwa mashamba. Kilichowaokoa wakulima ni kubebesha: mzabibu wa Ulaya juu, mizizi ya Kimarekani chini. Ndivyo unavyoishi mzabibu wa Ulaya, kwa sehemu kubwa, hadi leo.

Mwaka 1877 filoksera alionekana Geelong, katika jimbo jirani la Victoria. Australia Kusini ikatunga sheria ya kumzuia mwaka 1899, na hajaingia hadi sasa. Kwa hiyo mizabibu waliyopanda walowezi wa Barossa, wengi wao Walutheri kutoka Silesia walioanza kufika mwaka 1842, imesimama juu ya mizizi yake yenyewe. Mdudu huyu husafiri na udongo wa viatu na matairi, ndiyo maana usikanyage kati ya mistari bila ruhusa. Ukiambiwa utie viatu dawa, hasa kama umetokea Victoria, tii kwa moyo mweupe.

Lakini hata binadamu nusura aimalize. Katikati ya miaka ya 1980 zabibu nyekundu zilikosa soko, na serikali ikawalipa wakulima wang'oe mizabibu. Ikang'olewa mingi ambayo leo ingekuwa hazina. Naliona hilo kuwa hasara isiyolipika. Iliyobaki ilinusurika kwa sababu watengenezaji wachache wa mvinyo, Peter Lehmann akiwemo, waliendelea kununua mazao yake. Tangu 2009 Barossa huipanga kwa umri: miaka 35, 70, 100 na 125. Ukiona chupa imetajwa umri wa mizabibu yake, muulize mwenyeji ni daraja lipi.

Kiwanda cha mvinyo cha Seppeltsfield nacho kisikupite. Barabara ya kuingilia imepangwa mitende pande zote, iliyopandwa wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ili wafanyakazi wasikose kazi. Ndani, mwenye kiwanda Benno Seppelt aliweka pipa la mvinyo mwaka 1878 akaagiza lisiguswe kwa miaka 100. Kila mwaka likafuata pipa jingine, na tangu 1978 hutolewa mvinyo uliotimiza karne. Maji yake yamekuwa yakipotea hewani kupitia mbao, hivyo unaobaki ni mzito kama sharubati iliyochemka sana, na huganda kwenye kuta za glasi.

Asiyekunywa pombe ana pa kwenda pia: soko la wakulima Angaston, Jumamosi asubuhi, lenye mikate, jibini na soseji za moshi za asili ya Kijerumani. Tafuta huko vajusi, juisi kali ya zabibu mbichi isiyo na kilevi, inayowekwa kwenye samaki mahali pa ndimu.

Nenda kati ya Februari na Aprili, wakati wa mavuno. Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Barossa baridi huulaza, hivyo mavuno ni mara moja tu. Dereva atumie chombo cha kutemea kinachowekwa mezani, maana kiwango cha kilevi kinachoruhusiwa barabarani ni 0.05, na polisi hupima.