Asiye na Subira: Asili ya Jina la Ua Impatiens na Funzo Lake kwa Kiswahili

Mkazi wa Madale, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, atafutaye ua la kupanda kivulini anaweza kurudi kutoka kitaluni na mche wenye shina laini lililojaa maji na maua mekundu, meupe au ya waridi. Wataalamu wa mimea huuita Impatiens walleriana. Mmea huo si mgeni kwetu, kwani asili yake ni Afrika ya Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Kilicho kigeni ni jina.

Impatiens ni neno la Kilatini lenye maana ya ‘asiye na subira’. Mswidi Carl Linnaeus alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1753, Species Plantarum. Sababu yake ni tunda. Linapokomaa, kuta zake huwa zimekazwa na maji yaliyomo ndani. Likiguswa kidogo tu hupasuka, vipande vyake vitano hujikunja ghafla, na mbegu hurushwa mbali.

Neno la pili, walleriana, linamkumbuka Horace Waller, mmisionari wa Kiingereza aliyepinga biashara ya utumwa. Jina hilo lilitolewa na J. D. Hooker mwaka 1868. Mwaka 1882, Hooker huyohuyo aliueleza mmea uliofika Uingereza kutoka Zanzibar kwa mkono wa John Kirk, akaudhani kuwa wa aina nyingine, akauita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo alikuwa Barghash bin Said. Baadaye ilibainika kuwa mimea hiyo ni aina moja. Kwa kanuni ya wanasayansi, jina lililotangulia ndilo hudumu. Hivyo Waller alibaki, Sultani akaondoka.

Je, Kiswahili hakina uwezo wa kutaja mimea kwa tabia zake? Kinao. Mmea unaosinyaa unapoguswa, uliotoka Amerika, tumeuita kifauwongo, yaani hujifanya umekufa. Fikra iliyozaa jina hilo ni ileile iliyozaa impatiens. Mti uliotoka Bara Hindi tumeuita mwarobaini, kwa kuaminiwa kuwa hutibu maradhi arobaini. Wageni hao wawili wamepewa majina yenye maelezo, ilhali mwenyeji huyu anauzwa chini ya jina la Mwingereza.

Jamaa za ua hili ni nyingi katika milima yetu. Miongoni mwao ni Impatiens usambarensis na Impatiens kilimanjari. Majina hayo ya kisayansi yanataja milima, lakini hayatuambii wenyeji wa milima hiyo huyaitaje maua yao. Kwa hiyo, mtunga kamusi asikimbilie kubuni istilahi mezani. Kwanza awaulize wazee wa Usambara na Kilimanjaro, kwa maana jina lisiloandikwa huzikwa pamoja na mtu wa mwisho alijuaye.