Mapambo ya Bwenini Yasiwe Kuni

Sikukuu inapokaribia, iwe Idi au Krismasi, bweni la chuo hubadilika sura. Vijana hukata makuti mabichi na matawi ya mivinje wakapamba milango. Karatasi za rangi hutundikwa darini, na taa ndogo za umeme huzungushwa ukutani. Mwislamu humshikia Mkristo ngazi, naye Mkristo hurudisha fadhila hiyo mwezi wa Idi unapoandama. Huo ndio umoja tunaouhimiza, nasi tunawapongeza vijana wetu wa Mtwara kwa kuudumisha.

Hata hivyo, hatuna budi kunena. Kuti bichi la leo ni kuni ya juma lijalo. Mtu wa Msimbati au wa visiwani hahitaji kufundishwa jambo hilo: hakuna mzee wa pwani atakayetundika kibatari chini ya paa la makuti. Inakuwaje basi mwanawe, akiisha kuingia chuoni, awashe mshumaa chini ya makuti yayo hayo, au arundike nyaya za taa kwenye soketi moja?

Taifa hili limekwisha kulia. Tarehe 18 Juni, 1994, wasichana 40 waliteketea bwenini Shauritanga, Wilaya ya Rombo. Mwaka 2009 walikufa 12 huko Idodi, Iringa. Na mwaka 2020 walikufa watoto 10 huko Kyerwa, Kagera. Hatusemi mapambo ndiyo yaliyowaua. Tunasema kwamba moto wa bwenini hausubiri, na kila kitu kikavu huupa mbio.

Kwa hiyo, wanafunzi wapambe ukumbi wa chakula badala ya vitanda. Mishumaa isiingie bwenini. Na makuti yaondolewe kabla hayajakauka.

Lakini maofisa wasidhani kwamba kazi imekwisha kwa kubandika tangazo la kukataza. Kukataza ni rahisi. Kubadili nyaya chakavu ndiyo kazi. Bweni lisilo na mlango wa pili, lenye nondo zisizofunguka madirishani na kufuli nje usiku, si kosa la kijana aliyetundika kuti. Mabweni yakaguliwe kabla ya sikukuu, si baada ya mazishi.

Mzazi wa kisiwani aliyempandisha mwanawe mashua kwenda kusoma anamngojea arudi. Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta hujengwa upya, mtoto hajengwi.