Kufanya Sevisi ya Pikipiki Nyumbani: Mwongozo kwa Anayeanza

Injini ya pikipiki ya CC 125 hubeba takribani lita moja tu ya oili. Kiasi hicho kidogo hulainisha na kupooza injini na, katika pikipiki nyingi, klachi na gia pia. Oili ikipungua au ikichakaa, vyuma husagana, na mmiliki huweza kugharamia injini nzima kwa sababu ya kopo moja lililocheleweshwa. Hasara hiyo yaweza kuzuiwa nyumbani na mtu asiye fundi, mradi azijue hatua za kazi na mipaka yake.

Kabla ya kushika spana

Soma kitabu cha maelekezo cha pikipiki yako. Humo mmeelezwa aina ya oili, kiasi chake na kilomita za kuibadilisha. Kama pikipiki ingali ndani ya muda wa dhamana, soma masharti kwanza. Baadhi ya wauzaji huagiza sevisi zifanywe kwa mawakala wao, na ukiifungua mwenyewe waweza kuyapa nguvu mabishano kuhusu dai lako.

Kununua oili

Si kila oili ya gari inafaa pikipiki. Baadhi yake ina viambato vya kupunguza msuguano, ilhali klachi inayozama ndani ya oili huhitaji msuguano ili ishike, ikiukosa, huteleza. Iwapo pikipiki yako ina klachi ya namna hiyo, tafuta kwenye kopo maandishi JASO MA au JASO MA2. Nunua kopo ambalo lakiri yake haijavunjwa, na udai risiti. Epuka oili inayouzwa kwenye chupa za maji, kwani asili yake haithibitiki.

Kubadilisha oili

1. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare. Washa injini kwa dakika chache ili oili ipate joto na itiririke vizuri, kisha zima. Usiifungue ikiwa ya moto sana, kwani itakuunguza.
2. Weka beseni chini ya injini, fungua boliti ya kumwagia oili, na usubiri hadi oili yote itoke.
3. Weka washa mpya. Anza kurudisha boliti kwa vidole, kisha ikaze kwa spana bila kutumia nguvu kupita kiasi. Sehemu hiyo ya injini kwa kawaida ni ya aluminiamu, na nyuzi zake zikiharibika, matengenezo yake ni ghali.
4. Mimina kiasi kilichoagizwa. Washa injini kidogo, zima, subiri dakika chache, kisha pima kwa kijiti. Oili iwe kati ya alama mbili. Kuizidisha nako kuna madhara. Kagua pia kama boliti inavuja.

Oili chafu isimwagwe ardhini wala mtaroni. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, uipeleke kwenye gereji inayoikusanya.

Kutunza cheni

Safisha na paka cheni mafuta injini ikiwa imezimwa, ukizungusha gurudumu kwa mkono. Kamwe usitumie injini kuizungusha: kitambaa kikinaswa kwenye spoketi, vidole huvutwa pamoja nacho. Pima ulegevu wake katikati ya spoketi mbili, ukilinganisha na kipimo kilichomo kitabuni. Cheni iliyokazwa mno huchakaza beringi. Iliyolegea mno huweza kuchomoka barabarani.

Kazi za kumwachia fundi

Breki zinazovuja au kulegea, usukani unaocheza na sauti ngeni ndani ya injini si kazi za anayeanza. Mpelekee fundi stadi, kubalianeni bei kabla ya kazi, na uombe kuonyeshwa vipuri vilivyotolewa.

Mwisho, andika daftarini tarehe, kilomita na kazi iliyofanyika, na uhifadhi risiti humo. Daftari hilo litakukumbusha sevisi ijayo, na siku ya mgogoro na muuzaji litakuwa sehemu ya ushahidi wako.