Kusafisha viwanja bila moto: Biashara inayodai hesabu kabla ya mtambo

Na Mwandishi Wetu

UKIPITA Kigamboni, Kibaha au Bagamoyo mwezi Januari na Februari, kabla mvua za masika hazijaanza, utakutana na moshi kila upande. Wenye viwanja na mashamba wanafyeka, wanakusanya na kuchoma. Wengine wenye uwezo hukodi katapila, likasukuma kila kitu pembeni kwa saa chache.

Njia zote mbili zina gharama ambayo mwenye shamba huiona baadaye. Moto ukivuka mpaka na kuingia kwenye mikorosho ya jirani, aliyeuwasha ndiye atakayedaiwa fidia. Katapila nalo, pamoja na visiki, huondoka na tabaka jembamba la udongo mweusi wa juu. Katika ardhi ya kichanga ya ukanda wa Pwani tabaka hilo ndilo rutuba yenyewe, na mwenye shamba hujikuta msimu unaofuata akinunua samadi ili kurudisha kile alichomlipa mtu akiondoe.

Ipo njia ya tatu, iliyozoeleka zaidi Marekani na Ulaya. Mtambo wenye pipa la chuma linalozunguka kwa kasi, lililopangwa meno magumu, hupita juu ya kichaka na kukisaga papo hapo. Vipande vinavyobaki hutandazwa ardhini, navyo huwa matandazo yanayokinga udongo dhidi ya jua na maji ya mvua, huku yakioza polepole. Hakuna cha kuchoma wala cha kusomba.

Hata hivyo, anayetaka kuifanya kazi hii kuwa biashara hana budi kumweleza mteja ukweli mmoja mapema. Mtambo huo hukata mti usawa wa ardhi, hauung'oi mzizi. Kwa shamba la miembe au malisho hilo si tatizo kubwa, ingawa vichipukizi vitafyekwa tena. Kwa anayetaka kuchimba msingi wa nyumba, visiki vya eneo la msingi lazima ving'olewe, na hiyo ni kazi nyingine yenye bei yake. Aidha, matandazo ya mti yasirundikwe kwenye ukuta wa nyumba, kwani katika mazingira yetu huko ni kuwakaribisha mchwa.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo wengi huanguka. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba umekodi mtambo kwa sh 700,000 kwa siku, dizeli ni sh 300,000, vibarua wawili sh 60,000, na lori la kuusafirisha kwenda na kurudi ni sh 400,000. Siku moja imekugharimu sh 1,460,000. Ukisafisha ekari mbili, kila ekari imekula sh 730,000 kabla hujapata faida hata senti moja. Ukipata ekari nne mahali pamoja kwa siku mbili, usafiri unalipwa mara moja, na gharama inashuka hadi sh 630,000 kwa ekari.

Sasa jiulize kuhusu kiwanja cha mita 20 kwa 30. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,047, hivyo viwanja vya ukubwa huo huingia zaidi kidogo ya sita. Hakuna mwenye kiwanja kimoja atakayekubali kubeba gharama ya siku nzima peke yake. Ndiyo maana soko la kazi hii halitafutwi kwa mtu mmoja mmoja. Hutafutwa kwa majirani wa mtaa mmoja, kampuni zinazopima na kuuza viwanja, na wenye mashamba makubwa. Dalali wa eneo anayewajua wenye viwanja vinane vilivyoota vichaka ana thamani kuliko bango la barabarani. Wapo pia Watanzania waishio ng'ambo ambao hawajakiona kiwanja chao kwa miaka. Hao huhitaji picha zilizopigwa kabla na baada ya kazi, zikionyesha bikoni zilipo.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kijana mwenye mtaji mdogo asianze kwa mkopo wa kununua mtambo. Masika yanapokolea, ardhi hulowa na mtambo huzama, ilhali rejesho la benki linadaiwa kila mwezi. Chenso, mashine ya mkono ya kufyekea na mashine ndogo ya kukatakata matawi vinatosha kwa viwanja vya mjini. Ziada ya matandazo inaweza kuuzwa kwa wauza miche na wenye bustani: mita moja ya ujazo, ikitandazwa unene wa sentimita tano, hufunika mita za mraba 20.

Jina la biashara husajiliwa Brela, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, na leseni hupatikana halmashauri. Lakini hatari kubwa ya kisheria iko shambani. Migogoro ya viwanja pembezoni mwa Dar es Salaam inajulikana, na aliyesafisha eneo kwa amri ya mtu asiye mmiliki anaweza kujikuta akishitakiwa kwa kuharibu mali, hasa kama kulikuwa na minazi au mikorosho. Dai nyaraka za umiliki, mshirikishe mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mtembee mipaka pamoja na mteja.

Mikoko ni hifadhi, haiguswi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Ukikuta mti mkubwa kama mvule au mninga, ulizia kwanza ofisi ya misitu ya wilaya, hata kama mteja anasema mti ni wake.

Usitaje bei kwa simu. Kichaka kinaficha mawe, nondo na matairi ya zamani. Jiwe moja huvunja meno ya mtambo, na kipande kinachorushwa huweza kumjeruhi mtu aliye makumi ya mita mbali. Pita kwa miguu na fyekeo, weka alama kwenye visima na mabomba, watoe watu na mifugo. Kisha andika katika mkataba ni miti ipi inabaki, nani analipia jiwe lisiloonekana, na malipo ya awali ni kiasi gani. Malipo hayo yasipungue gharama ya lori, kwa kuwa lori hulipwa hata mteja akibadili mawazo mtambo ukiwa njiani.