Wamalay na mila zao: kipi chao, kipi cha kuja?

Mtajie Mmalay neno "bendera" na atakuelewa bila mkalimani, kwani kwao pia ni bendera. Meza wanaiita "meja". Hatukuazima kwao wala wao kwetu: maneno haya sote tuliachiwa na Wareno, walioiteka Melaka mwaka 1511, miaka sita tu baada ya kuishambulia na kuichoma Mombasa. Ukiongeza dunia, kitabu (wao husema "kitab") na habari ("khabar"), ambayo ni ya Kiarabu, utaelewa kwa nini msikilizaji wetu mmoja aliuliza: hawa Wamalay wana kitu gani kilicho chao wenyewe?

Tuanzie India, maana mizizi mirefu iko huko. Kabla ya Uislamu, falme za eneo hilo zilifuata dini za Kihindu na Kibudha kwa karne nyingi, na Kisanskriti kikawa lugha ya heshima. Uislamu ulipoingia haukuyafuta maneno yake. Hadi leo Mmalay akifunga Ramadhani anasema "puasa", peponi ni "syurga", jehanamu ni "neraka", na dini yenyewe ni "agama". Yote hayo ni Kisanskriti. Kule Terengganu lipo jiwe la karne ya 14 lililochongwa kutangaza sheria za Kiislamu. Herufi zake ni za Kiarabu, lakini Mwenyezi Mungu anatajwa humo kwa maneno yenye asili ya Kisanskriti, Dewata Mulia Raya. Kwa maoni yetu, jiwe hilo moja linaeleza mengi kuliko hotuba nyingi.

Si kila mtu anaufurahia mchanganyiko huo. Katiba ya Malaysia, kifungu cha 160, inamtambua Mmalay kuwa ni Mwislamu, anayezungumza Kimalay kwa kawaida na kushika mila za Kimalay. Sasa mila ikionekana kugongana na dini, je?

Jimbo la Kelantan lilitoa jibu lake. Chama cha Kiislamu cha PAS kilishika serikali ya jimbo mwaka 1990, na katika miaka hiyo mchezo wa mak yong ukapigwa marufuku. Ni mchezo wa jukwaani wenye ngoma, nyimbo na maigizo, ambamo mfalme kwa kawaida huigizwa na mwanamke, na wakati mwingine huchezwa kwa ajili ya kumtibu mgonjwa. Wakosoaji waliona humo mabaki ya imani za kale, na wanawake wakicheza mbele ya wanaume. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, huku Kelantan ukiwa bado umekatazwa. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2019, kwa masharti ya kufuata sharia.

Vijijini wapo walioendelea kuucheza kimyakimya. Lakini mak yong hufundishwa kwa mdomo, mwanafunzi akikaa na mwalimu wake kwa miaka. Walimu waliofariki katika kipindi hicho waliondoka na walichokijua, na kijana anayetaka kujifunza leo inabidi awatafute wazee wachache waliobaki.